Wasini Twende, Lakini Si Aprili

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Moyo wangu hauna raha, na kisa cha kukosa raha kimebandikwa pale kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba. Wewe mwenyewe umekisoma. "Safari ya Chama cha Kiswahili, Aprili. Siku tatu Kisiwani Wasini. Kuzamia baharini kwa mitungi! Hata asiyejua kuogelea ataweza! Nafasi ni chache." Tangu karatasi hiyo ibandikwe bweni letu halilali. Kuna mmoja wetu, sitamtaja, ameshanunua miwani ya maji na huivaa usiku kitandani ati anazoea.

Katika mkutano wa chama uliopita nilisimama nikasema kwamba safari hii, jinsi ilivyopangwa, siiungi mkono. Lo! Nilizomewa kama mwizi wa kuku. Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Oneni maajabu! Mpwani anaogopa maji!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata mimi nikacheka, maana nilikosa la kufanya. Kengele ya chakula ikalia, mjadala ukafia hapo. Ndiyo sababu nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika jarida hili, niyaseme yale niliyotaka kuyasema.

Kwanza niondoe shaka. Wasini nataka twende, tena nataka kuliko ninyi nyote. Kila mwaka chama hiki huenda Fort Jesus, tukapiga picha juu ya mizinga, tukala viazi karai, tukarudi. Wasini ni jambo jingine kabisa. Ni kisiwa kisicho na gari hata moja, mkabala na Shimoni, kusini mwa Kwale karibu na mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake ni Wavumba, na lahaja yao ya Kivumba ni mojawapo ya lahaja za Kiswahili tunazozisoma vitabuni bila kuzisikia. Hebu fikiria, chama cha Kiswahili kinachokariri majina ya lahaja kama dua, na hakijaketi barazani hata siku moja kumsikiliza mzee wa Kivumba akisimulia! Shimoni kwenyewe kuna mapango yaliyokipa kijiji jina lake, ambamo watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Halafu ipo bahari. Mbele ya Wasini kuna Kisite na Mpunguti, mbuga ya baharini inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kisite, yenye ukubwa wa kilomita 28 za mraba, hairuhusiwi kuvuliwa kabisa. Upande wa Mpunguti, kilomita 11 za mraba, wavuvi wanaruhusiwa kutumia mitego ya asili. Kule kuna matumbawe, kasa, pono wa rangi za kanga, na pomboo wanaoruka mbele ya mashua. Ni nani asiyetaka kuyaona hayo?

Lakini nina mjomba.

Mjomba huyu ni kitinda mimba wa nyumba ya kina mama, kwetu Msambweni. Alikuwa mpiga mbizi wa majongoo wa bahari. Kwa wale wa bara, jongoo wa bahari ni mdudu mnene kama tango anayelala mchangani chini ya maji. Sisi hatumli. Hukaushwa akauzwa ng'ambo, hasa Uchina, kwa bei nzuri. Zamani walikuwa wakiokotwa hata maji yakipwa. Walipoadimika, wapiga mbizi wakafuata kilindini, na tajiri mmoja akawaletea mitungi ya hewa. Mitungi aliwaletea, mwalimu hakuwaletea. Mjomba alifundishwa kwa maneno matatu tu: uma, vuta, shuka.

Siku moja alishuka mara nne, na kila mara aliibuka mbio kama kizibo cha chupa ili akabidhi mzigo wake. Jioni mabega yakaanza kumwuma. Akadhani ni uchovu. Usiku miguu ikafa ganzi. Asubuhi hakuweza kusimama. Wazee wakasema amepigwa na pepo wa baharini, na siku nyingi zikapotea kwa kufukiza ubani kabla hajapelekwa hospitali. Leo anatembea kwa mkongojo, na hana hata miaka hamsini. Kwa hivyo, wewe uliyesema naogopa maji, umekosea kidogo. Maji siyaogopi. Naogopa haraka.

Sasa pepo yule jina lake ni naitrojeni. Hili si somo la uganga, ni Fizikia tunayosoma hapa hapa. Mtungi wa mzamiaji hauna oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Umeshindiliwa hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta darasani, na sehemu kama 78 kwa 100 za hewa hii ni naitrojeni. Juu ya nchi haitudhuru. Ukishuka baharini mita 10, shinikizo linakuwa maradufu. Ukifika mita 20, mara tatu. Kadiri unavyoshinikizwa ndivyo naitrojeni inavyoyeyuka na kuingia katika damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi. Ukipanda mbio, je? Chukua chupa ya soda, itikise, kisha ifungue kwa ghafla. Ile povu uliyoiona ndiyo iliyofanyika ndani ya uti wa mgongo wa mjomba wangu. Ndiyo maana wazamiaji waliofunzwa hupanda taratibu, kama mita 9 kwa dakika, na wakikaribia juu husimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu hivi kabla ya kutoka.

Iko na hatari nyingine ya haraka zaidi. Mwalimu wa Fizikia alipoandika ubaoni Kanuni ya Boyle, nusu ya darasa walikuwa wanasinzia. Basi amkeni. Mapafu uliyoyajaza hewa kwenye mita 10, ukaziba pumzi kwa woga, ukapanda hadi juu, ile hewa inataka nafasi maradufu. Mapafu hayana nafasi hiyo. Yanapasuka. Na asiyejua kuogelea, akiingiwa na maji puani, anafanya nini? Anaziba pumzi na kukimbilia juu! Ndiyo sababu yale maneno ya kwenye karatasi, "hata asiyejua kuogelea ataweza", yalinitoa jasho. Ni kweli kuna utaratibu wa kuonjeshwa, ambapo mgeni hushikwa mkono na mwalimu na hazidi mita 12. Lakini anayetaka cheti kamili, yule wa kushuka hadi mita 18, mashirika makubwa ya mafunzo humtaka aogelee mita 200 na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Wale wanaouza mitungi kila siku wameona haja ya kuogelea, sisi tumeona haja gani ya kuiondoa?

Hebu sasa tuitazame ratiba yenyewe. Tunaondoka hapa Alhamisi jioni, tunasafiri usiku kucha. Ijumaa tunawasili na kutembea kisiwani. Jumamosi tunazamia mara mbili, asubuhi na mchana, tunatoka majini saa nane. Saa kumi na moja jioni tunapanda basi, na Jumapili asubuhi tuko shuleni. Kwa macho ya mhazini wa chama ni ratiba ya ajabu, maana malazi ni usiku mmoja tu. Kwa macho yangu ni ratiba ya kututia mkongojo.

Nitakueleza kwa nini. Kila mtu aliyewahi kusikia habari za kuzamia anajua kwamba mzamiaji hapandi ndege siku hiyo hiyo. Ushauri unaotolewa ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja. Sababu ni ile ile ya soda: kule juu hewa ni nyepesi, na naitrojeni iliyobaki mwilini hupata mwanya wa kufanya mapovu. Wenzangu wakanijibu, "Sisi hatupandi ndege, tunapanda basi." Jamani! Mwili unajuaje kama umepandishwa na ndege au na basi? Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na shule yetu iko juu zaidi. Si ndiyo maana tunavaa sweta mwaka mzima? Ukitoka Shimoni jioni, alfajiri basi linaingia Nairobi. Hesabu mwenyewe, kutoka saa nane mchana hadi saa kumi alfajiri ni saa 14. Na barabara haikungoja Nairobi ndipo ianze kupanda. Imekuwa ikipanda tangu Mariakani. Mzamiaji wa Ulaya akirudi kwao mara nyingi hurudi kwenye mji usioinuka sana juu ya bahari. Sisi wa bara ndio wenye mlima wa kurudia, na vitabu vya watalii havikuandikwa vikituwaza sisi.

Basi siku ya mwisho isiwe ya kuzamia. Na si kwamba itapotea bure. Ndiyo siku ya kwenda mapangoni Shimoni, ndiyo siku ya kutembea kwenye ile bustani ya matumbawe ya nchi kavu inayotunzwa na akina mama wa Wasini, ambapo unapita juu ya daraja la mbao na maji ya bahari yanaingia na kutoka chini yako. Ndiyo siku ya wazee wa Kivumba. Sisi ni Chama cha Kiswahili, tusisahau.

La pili ni huo mwezi wenyewe. Nani aliyechagua Aprili? Alichagua kwa kutazama kalenda ya shule, naye simlaumu, maana huku bara pepo hazina majina. Kwetu zina majina na zina zamu. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na bahari hutulia, maji yakawa meupe hata mchanga wa chini unauona. Kisha huja tangambili, pepo zinapobadilishana zamu, na hapo hapo masika yanashuka. Mto Ramisi na Mto Umba inamwaga tope baharini, yote miwili kando ya pwani hiyo ya Shimoni na Vanga. Baada ya hapo ni kusi na mawimbi yake, na Agosti kusi ina nguvu. Mkizamia Aprili huenda mkabahatika siku moja ya jua, au mkalipa pesa zote hizo kwenda kutazama chai ya maziwa. Kati ya likizo zetu tatu ni Desemba peke yake inayoangukia kwenye kaskazi. Nahodha yeyote pale gatini angetuambia hivyo kabla hata hatujamaliza salamu, lakini hakuna aliyemwuliza. Angetuambia pia tuchague siku za maji mafu badala ya bamvua, kwa kuwa wakati wa bamvua maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3 na mkondo katika mlango wa Wasini hukaza.

Sasa niwageukie walimu wangu, kwa heshima na taadhima. Nimesikia kwamba baada ya mimi kusema, wapo wanaotaka safari ifutiliwe mbali, ati kuzamia ni mambo ya wazungu na watalii, mtoto wa Mkenya ana haja gani na kilindi? Walimu wangu, nihurumieni. Sikusema hayo, na ningekuwa na huzuni kubwa kuliko ile ya kuzomewa ikiwa maneno yangu ndiyo yatakayozika safari hii. Mtungi ndio mgeni. Kifaa cha kupumulia kwa mtungi tunachokijua leo kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Lakini kupiga mbizi tulikuwa nako kabla ya Cousteau kuzaliwa. Babu zetu walishuka kutafuta nanga iliyokwama, kwa pumzi moja tu ya mapafu yao. (Kweli neno "mzamiaji" limeharibiwa sifa. Siku hizi ukilitaja, mtu hufikiria kijana aliyejificha ndani ya meli kwenda Ulaya, au yule anayeingia harusini bila kadi.) Mimi sioni haki mbuga iwe ya kwetu, itunzwe kwa sheria za kwetu, wavuvi wa kwetu ndio walioambiwa wasivue humo tangu miaka ya 1970, halafu watakaoiona ni wageni peke yao. Mtoto wa mvuvi wa Shimoni anaijua mbuga ile kwa mambo mawili: kazi ya ubaharia kwenye mashua za watalii, na faini. Na iko haja ya kwenda mapema. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa, na joto hilo limerudi tena miaka ya baadaye. Ninyi mnaotuandikisha insha za mazingira kila muhula, tupelekeni tukayaone yangali hai.

Ninachoomba ni hiki. Safari isogezwe hadi Desemba, na siku zake ziwe tano badala ya tatu. Najua mhazini ataruka kama aliyekanyaga kaa la moto: malazi! chakula! Lakini gharama kubwa iliyomo humu si malazi, ni mitungi. Si lazima sote tuvae mitungi. Kisite kuna sehemu nyingi zisizo na kina kirefu, na mtu mwenye miwani ya maji, mrija wa kupumulia na koti la kuelea anaziona rangi zote akiwa juu juu, mgongo wake ukiwa juani. Nimefanya hivyo mara mbili na sikujuta. Wanaotaka mitungi waingie kwenye mtihani wa kuogelea kwanza, na anayefeli asione haya, apande na mrija pamoja nasi. Hapo pesa zinabaki za kulipia usiku wa ziada na kiingilio cha mbuga.

"Tutajifunza wapi kuogelea, na shule haina bwawa?" Swali zuri. Mjini kuna bwawa, nusu saa kwa miguu, na Jumamosi mchana sisi hufanya nini zaidi ya kufua na kulala? Tunao wanachama sita waliokulia kando ya Ziwa Victoria wanaoogelea kama kambare. Mmoja wao ameshakubali kufundisha, akadai malipo ya mandazi mawili kwa kila kipindi. Miezi tuliyo nayo inatosha kumtoa mtu kwenye kushika ukingo hadi mita 200. Tuanze sasa.

Kisha kabla chama hakijalipa hata shilingi, Mwalimu Mlezi aiulize hiyo kampuni maswali mabaya, yale ya kumfanya mtu akune kichwa. Mwalimu mmoja wa kuzamia atashika wanafunzi wangapi? Ndani ya mashua kuna oksijeni ya huduma ya kwanza? Mtu akipata yaliyompata mjomba wangu, chumba cha matibabu ya shinikizo kiko wapi, na tutafika baada ya saa ngapi? Kampuni ikijibu kwa kicheko, tutafute nyingine. Na zile fomu za afya tutakazopewa wazazi watie sahihi, tafadhali tusizidanganye. Mwenye pumu aandike pumu. Hata mafua tu yanatosha kumzuia mtu, kwa sababu pua ikiziba, masikio hayawezi kusawazishwa, na maumivu yake chini ya maji si ya kusimulia. Nyinyi mnajua shule hii na mafua.

Jambo dogo, ila linaniwasha: tukifika, asisimame mtu juu ya matumbawe kupiga picha. Yale si mawe. Ni viumbe hai, na kipande ulichokivunja kwa kisigino chako kilichukua miaka kukua.

Wenzangu wa Kidato cha Nne wamenijia usiku bwenini na lawama. Wanasema, "Wewe, ukisogeza safari hadi Desemba, sisi tutakuwa tumeshamaliza mtihani na kuondoka. Umetunyima." Hilo nililijua kabla ya kusimama mkutanini. Hata mimi nitakuwa nimeondoka. Chama kikiamua kuwachukua waliomaliza Novemba nitashukuru sana, na naomba jambo hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao. Kikiamua kwamba safari ni ya wanafunzi pekee, basi nitakuwa nimebishana karatasi nzima kwa ajili ya safari nisiyokwenda.

Lakini Msambweni na Shimoni si mbali. Wiki jana niliruhusiwa kutumia simu ya ofisini nikampigia mjomba, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza idadi ya wanafunzi, na kama wanajua kuogelea. Amesema Desemba mkija atakuwa pale gatini na mkongojo wake kuwaona mkiingia mashuani. Yeye mwenyewe hapandi.